Maswali yenu: "Ndivyo mhusika wangu alivyo" si udhuru

Tunacheza mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa mezani wa hadithi na dadu. Mezani petu mmoja hupigia hesabu kila shambulio, mwingine huongea na kila mlinzi wa lango kwa sauti ya mhusika wake hadi nusu saa inakatika. Nani anakosea?

Kwa uchezaji wao, hakuna. Naomba pia tuache kuwabeza wapiga hesabu kwamba hawajui kuigiza. Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii uliotolewa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichipuka kutoka kwenye michezo ya vita ya mezani, ile ya vikosi vya sanamu ndogo. Hesabu zilikuwamo tangu mwanzo. Anayejua kwamba akirusha dadu ya pande 20 na kuongeza 5 ili afikie 15 au zaidi, ana nafasi 11 kati ya 20, hajaiharibu hadithi. Anajua wakati wa kupigana na wakati wa kukimbia. Kosa ni lenu nyote: mlianza kucheza bila kuulizana kila mmoja amefuata nini. Hilo huulizwa siku ya kwanza, kabla wahusika hawajatengenezwa. Hata sasa hamjachelewa, simamisheni mchezo mzungumze. Na huyo msemaji ajifunze kumgeukia jirani yake na kumwuliza: "Wewe unamwambiaje mlinzi?"

Lazima niongee kwa sauti ya mhusika?

Hapana. "Namsihi atufungulie" inatosha.

Mhusika wangu ni mwizi. Kuna ubaya gani akiwaibia wenzake? Ndivyo alivyo.

Swali hili halinikauki, na kila anayeliuliza huwa ameshaiba. Mhusika hakujiumba. Wewe ndiye uliyemwandika, na kila zamu wewe ndiye unayemchagulia la kufanya. Niliwahi kukaa meza moja na mwizi wa namna hiyo. Alimwibia mwenzake pete ya uchawi aliyoihangaikia vikao vitatu, akacheka. Yule binti hakusema kitu. Aliweka penseli chini, akaikunja karatasi ya mhusika wake mara mbili, na wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Wizi baina ya wahusika unaweza kunoga sana iwapo wachezaji wote wawili wameukubali. Basi mwombe mwenzako ruhusa kwanza, wewe kwa jina lako, yeye kwa jina lake. Akikataa, mwizi wako ana jiji zima la matajiri.

Mgeni ameomba tuweke kadi ya X. Wakongwe wanasema ni kudekezana.

Iwekeni leo. Ni kadi yenye alama ya X, aliyoibuni John Stavropoulos. Hukaa katikati ya meza, na mtu akiigusa, jambo lililomkera huondolewa au hurukwa, wala hadaiwi maelezo. Sekunde chache tu, mchezo unaendelea. Wakongwe wenu wawe waangalifu hapa: wasije wakamfuata baadaye pembeni kumhoji kwa nini aliigusa, maana huko ndiko kumdai maelezo yale yale. Nawe mwendesha mchezo, unayewasimulia wenzako hadithi, usijifiche nyuma ya kadi. Kama hadithi yako ina mateso au watoto wanaouawa, liseme kabla.

Nikichoka zamu ya mwenzangu, naweza kuangalia simu?

Ungependa afanye hivyo kwenye zamu yako?

Dadu ikianguka sakafuni inahesabiwa?

Rusha upya, juu ya meza, wote wakiona. Na usiiokote kabla hawajaisoma.