Zipu ya jezi na mawe ya Flanders

Jumapili asubuhi nilimwomba mwenzangu wa chumbani anifunge zipu ya jezi. Vidole vyangu vilikuwa vimevimba, vinakunjika nusu tu, na kijiko cha uji kilikuwa kimeshaniponyoka mara mbili mezani. Jana yake tulikuwa kwenye Omloop Het Nieuwsblad, mbio za baiskeli za wanawake kutoka Ghent hadi Ninove, zaidi ya kilomita 120. Saa chache mbele yetu kulikuwa na mbio nyingine, Omloop van het Hageland, kule Tielt-Winge. Msimu wa Ubelgiji hufunguliwa hivyo Februari ikiisha: Jumamosi unapigwa, Jumapili unarudi kupigwa tena.

Wasichana wa nyumbani wanaoanza mbio huniandikia swali moja: "Dada, nifanye mazoezi gani nipate nguvu za mawe?" Mimi nami nilikwenda na swali hilohilo, nikiamini miguu ya mtu aliyekulia kwenye miinuko ya Bonde la Ufa itamaliza kazi. Miguu ilikuwepo. Nilichokosa ni nafasi ya mbele kundini.

Kwanza mjue mawe yenyewe. Msifikirie kabro za kituo cha mafuta. Kasseien, kama Waflemi, watu wa Flanders kule Ubelgiji, wanavyoyaita, ni vipande vya mawe vyenye migongo ya mviringo, kila kimoja na kimo chake, na kati yao kuna nyufa zinazoweza kumeza tairi. Njia hizo ni nyembamba. Sasa chukua wanawake zaidi ya mia wanaotoka barabara pana kwa kasi ya gari, uwaingize kwenye kijia kama hicho. Ishirini wa mbele wanaingia kwa mwendo wao. Wa hamsini anagusa breki. Wa mia anashusha mguu chini.

Jumamosi ile nilikuwa karibu na huyo wa mia. Tulipokaribia Haaghoek, kilomita mbili hivi za mawe, redio sikioni ilikuwa inapiga kelele: mbele, mbele, mbele! Nikajiambia nitawapita humohumo ndani. Kweli niliwapita kama ishirini, nikajisifu moyoni. Mawe yakaisha, ukaanza mlima wa Leberg, nami sina pumzi, na kundi la mbele linaonekana kwa mbali likipinda kona. Nguvu zangu zote zilikuwa zimelipia viti ambavyo wenzangu walivikalia mapema, bila jasho.

Kwa hiyo kazi ya mawe huanza kilomita tatu au nne kabla yake. Soma ramani usiku, kariri kona ya mwisho kabla ya kila sehemu, ujue upepo utatoka upande gani, na uanze kupanda mbele wakati wengine bado wanapiga soga. Kula hapohapo pia. Ukishaingia kwenye mawe huwezi kuachia usukani ili upasue pakiti, na chupa yenyewe huenda ikaruka kutoka kishikizoni. Nilisahau hilo nikalipa Geraardsbergen, kwenye ule Muur wenye kanisa dogo kileleni, zikiwa zimebaki kilomita 16 hivi. Nilikuwa nyuma bila nguvu, aliye mbele yangu akateleza, sote tukashuka, nikausukuma mlima ule kwa miguu katikati ya watu wenye bia mkononi. Walinishangilia sana, kwa kweli.

Upepo wa tairi: msikilize fundi. Wetu alitaka niwe chini kidogo ya psi 60 kwenye tairi za milimita 30. Mimi niliogopa pancha, nikachukua pampu kwa siri nikaongeza hadi 80. Tairi gumu halilali juu ya jiwe, linadunda, na kila mdundo unaishia kiganjani. Vile vidole vilivyokataa kushika kijiko nilivitengeneza mwenyewe.

Kosa la pili la mikono ni kukaba usukani. Shika kama unayebeba yai, legeza viwiko, weka gia nzito kidogo kuliko unavyopenda, kaa kwenye kiti ili gurudumu la nyuma lisikose mshiko. Mawe yakilowa, panda mgongo wa barabara, pale katikati palipoinuka, hata kama pembeni kunakuita.

Mkitaka kuona nafasi inavyolipa, tafuteni picha za Paris-Roubaix, mbio za mawe za Ufaransa, ile ya kwanza ya wanawake, Oktoba 2021. Lizzie Deignan wa Uingereza alikwenda mbele kabla ya mawe ya kwanza ili kuwalinda viongozi wa timu yake. Alipogeuka akajikuta peke yake, akaendelea kilomita zaidi ya 80 kwenye matope mpaka uwanja wa Roubaix. Hakuvaa glavu, na damu ilibaki kwenye usukani. Kuhusu glavu msimuige.

Na walio karibu na Kigali, mna bahati msiyoijua. Mlima wa Kimihurura, kilomita 1.3 za mawe, ndio uliozungukwa tena na tena kwenye mashindano ya dunia ya Septemba 2025, Magdeleine Vallieres wa Kanada alipochukua taji la wanawake. Msiupande peke yenu mkihesabu dakika. Nendeni kumi, mpigane kistaarabu kuhusu nani atatangulia kuingia.

Nirudi Tielt-Winge. Jumapili ile sikuwa na uwezo wa kufunga breki kwa nguvu, vidole vilikataa. Kukaa nyuma, ambako kila kona ni breki, kulinitisha kuliko upepo wa mbele. Basi kwa woga tu nikakaa kati ya watu kumi na tano wa kwanza siku nzima, na kila njia ilipobana nilikuwa nimeshapita wakati kelele za breki zinaanza nyuma yangu. Nilimaliza na kundi la kwanza, kwa miguu iliyochoka kuliko ya jana. Kocha akauliza nimebadilisha nini. Nikamwonyesha mikono.

Jioni zipu ilinishinda tena, safari hii kuifungua, na mwenzangu alikuwa bado anasubiri zamu ya daktari wa timu. Nikala wali na jezi ikiwa mwilini, matope na yote.