Akili ya kichwani au akili ya hisia? Jibu kutoka biro ya forodha, Lubumbashi

Mdogo wangu, nimesoma swali lako. Chuo kikuu ulimaliza na alama za juu, sasa wenzako uliowaacha mbali darasani wanapanda cheo, na shefu wako anakwambia akili ya hisia ndiyo asilimia 80 ya mafanikio kazini. Unauliza kama ni kweli.

Hiyo 80 si kweli. Daniel Goleman, Mmarekani aliyeieneza dhana hii kwa kitabu chake cha 1995, aliandika kwamba kipimo cha akili, IQ, kinachangia kama asilimia 20 ya yale yanayomfikisha mtu mbali maishani. Inayobaki, yaani 80, ni kila kitu kingine, pamoja na familia uliyozaliwa na bahati. Watu wakaichukua yote wakaipa akili ya hisia. Peter Salovey na John Mayer, walioieleza dhana hiyo mwaka 1990, walizungumzia uwezo wa kutambua hisia, zako na za mwenzako, na kuzitumia katika kufikiri. Hawakusema ni kuitikia kila neno la mkubwa.

Kichwa nacho kina uzito wake. Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85, na mwaka 1998 wakatoa uhusiano wa 0.51 kati ya uwezo wa akili na utendaji kazini, ambapo 1 ni uhusiano kamili. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu, ikashuka hadi 0.31. Imeshuka, lakini si kidogo. Na Dana Joseph na Daniel Newman walionyesha mwaka 2010 kwamba akili ya hisia inasaidia zaidi kwenye kazi za kukabiliana na watu, ambako lazima uitawale sura yako na sauti yako. Kwenye kazi nyingine faida hiyo haikuonekana. Kwa hiyo swali la kwanza ni: unafanya kazi gani?

Mimi niko kwenye uwakala wa forodha, dosie za shaba inayotoka hapa kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ndani ya biro, unapoingiza tamko la mzigo kwenye Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha, hisia hazikusaidii. Shaba ya katodi, yaani iliyosafishwa, namba yake ya forodha ni 7403, ile isiyosafishwa ni 7402. Kuna uzito halisi na uzito pamoja na vifungio, namba za lakiri, namba ya trela. Hapo nataka mtu ambaye jicho lake linagoma kupita tarakimu iliyokosewa.

Dosie ikitoka mlangoni, mambo yanabadilika. Tulikuwa na kijana mwenye kichwa kikali kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Siku moja aliona namba ya trela kwenye tamko haifanani na ile ya gari. Akasema kwa sauti, mteja akiwa amekaa palepale: "Nani amefanya hii? Hata mtoto angeona!" Alikuwa na haki kabisa. Lakini mwenzake aliaibika, akaanza kujitetea, wakabishana hadi jioni, na lori halikutoka.

Kosa la namna hiyohiyo liliwahi kuonwa na mama mmoja tunayefanya naye kazi. Alivuta kiti akakaa kando ya aliyeandika, akaweka karatasi mbili sambamba: "Ndugu yangu, tusome hizi namba pamoja kabla hatujaendelea." Kisha akampigia shofere, Mtanzania mtu mzima aliyeishiwa pesa za njiani: "Mzee, leo hautavuka. Kesho asubuhi nitakupigia, hata kama bado." Asubuhi akapiga kweli. Yule mzee, aliyekuwa anapigia simu biro nzima, akatulia.

Lakini tusisahau kwamba mama huyu aliiona namba kwanza. Angekuwa mpole tu bila jicho hilo, lori lingefika mpakani na kosa lake.

Kinachoniudhi ni wakubwa wanaotumia akili ya hisia kuwanyamazisha wanaoona makosa. Mfanyakazi akisema hesabu haziendani, anaambiwa hajui kuishi na watu. Huko ni kukataa ukweli, na kampuni inalipia baadaye.

Kwa hiyo mwendee shefu wako mkiwa wawili, umwambie: "Shefu, nitajie siku moja niliposema vibaya, na ungependa ningesemaje." Akikutajia, chukua, maana hilo linarekebishika. Omba pia upangiwe wateja mara mojamoja, kwa sababu anayekaa na kompyuta peke yake hana pa kujifunzia. Akishindwa kutaja hata moja, anza kutafuta kazi kwingine huku bado una mshahara. Vyeo vingi hapa kwetu vinakwenda kwa undugu, na huo haushindwi kwa akili ya aina yoyote.