Masta ya maadili ya tiba kwa chuo kidogo: enda, lakini sikiza hii

Dada mmoja tunafanya naye shifti ya usiku aliniuliza kama asome maadili ya tiba kwa kachuo kadogo hapa Nairobi ama angoje pesa ya kile kikubwa. Nilimjibu mbio mbio juu wodi ilikuwa imejaa, wacha nimjibu vizuri.

Enda. Mimi nilisoma chuo ambacho ata makanga hajui stage yake. Darasani tulikuwa watu saba, manesi watatu, padri, wakili, mwalimu na kijana wa maabara, na maktaba ni chumba kimoja tu. Lakini watu saba hakuna pa kujificha. Padri akisema uhai ni wa Mungu, wakili anafungua Katiba ya 2010, kifungu cha 43, mtu asinyimwe matibabu ya dharura, halafu sisi manesi tunauliza na yule ameletwa saa nane usiku na dipositi hana je? Hapo lekchara ananyamaza tu anatuangalia tukitoana jasho.

Kabla ulipe fee, hakikisha CUE, ile tume ya serikali ya vyuo vikuu, wameidhinisha kozi, na uliza supavaiza wako ni nani na akienda nani anabaki. Wangu alisafiri nikakaa muhula mzima nikingoja. Kibali cha kamati ya maadili, ile inakagua utafiti wa watu kabla uanze, na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, anza kutafuta mapema. Na usitarajie kazi mpya, mimi bado ni nesi.

Sasa penye mimi nilijikwaa. Utasoma habari ya utafiti wa Tuskegee, wanaume weusi wa Alabama kule Marekani waliokuwa na kaswende wakafuatiliwa toka 1932 hadi 1972 bila kutibiwa, ata penisilini ilipojulikana inatibu. Waliambiwa wana "damu mbaya". Neno moja tu hivyo! Mimi nilisoma nikakasirikia Wamarekani, nikafaulu mtihani, nikaenda kuandika fomu yangu ya utafiti, ile mtu anasomewa na kutia sahihi kabla ashiriki.

Niliitafsiri kwa Kiswahili cha kupendeza sana, ridhaa, usiri, uchunguzi, kamati ikapitisha. Nikaenda Kariobangi kwa mathee anauza mboga, nikamsomea yote, akatia sahihi bila swali. Halafu akaniuliza, "Sasa daktari mtanichunguza lini, huu mgongo unaniua." Manze. Mimi nilitaka tu kumuuliza maswali ya nusu saa, yeye alisikia "uchunguzi" akajua amepata matibabu ya bure, na kusema ukweli ni mimi nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu. Mwenzangu wa maabara naye aliandika washiriki watagawanywa "kwa kubahatisha", yaani bila mtu kuchagua nani aende kundi gani, kijana mmoja akamuuliza kwani ni kubet.

Nikapasua ile sahihi. Kubadilisha fomu ni kurudi kwa kamati, ilinikula kama miezi miwili hivi, na nilikuwa nasomea wale wenzangu sita kwa sauti kila jioni, wananikatiza, padri ndiye alikuwa mbaya zaidi. Kwa darasa la watu themanini nani angekusikiliza hivyo? Ridhaa ikawa kukubali, uchunguzi ikawa "nitakuuliza maswali, sitakupima wala kukupa dawa".

Nikarudi Kariobangi. Mathee akasikiza mpaka mwisho, huku anakata sukuma. "Sasa nimeelewa," akasema, "na sitaki."

Nikanunua sukuma ya hamsini nikaenda zangu.