Kubadilisha masafa ya osileta ya rubidi ya mtumba: kutoka 8.388608 MHz kwenda 10 MHz

Mkuu, umeuliza hivi: una osileta ya rubidi FE-5650A, kifaa cha kutoa mawimbi ya masafa sahihi kwa kufuata atomu za rubidi, iliyong'olewa kwenye mitambo ya simu, inatoa 8.388608 MHz, na wewe unataka 10 MHz ya kulishia kaunta yako ya kupimia masafa na jenereta yako ya mawimbi. Mmoja akakwambia ubadilishe kristali, mwingine akakwambia uitupe utafute nyingine. Ninayo ya ukoo huohuo, inafanya kazi kwa 10 MHz, kwa hiyo ngoja nieleze nilivyofanya na kwa nini hao wawili wote wanakupoteza.

Kwanza usiguse kristali. Kristali ya humo ndani haina uhusiano wa moja kwa moja na hiyo 8.388608 unayoiona nje. Inazunguka karibu na 50.255 MHz, inazidishwa mara 136 hadi kufika kwenye gigahezi 6.83, na mawimbi hayo yanapigwa kwenye kichupa chenye mvuke wa rubidi. Masafa yakilingana na ya atomu, mwanga unaopita kwenye kichupa unafifia kidogo, na saketi inatumia huko kufifia kuivuta kristali ibaki palepale. Ubora wote wa kifaa umekaa hapo. Masafa yanayotoka nje yanatengenezwa baadaye na chipu ya DDS, yaani inayotengeneza wimbi kidijitali kwa kufuata namba unayoipa, AD9830A, ambayo inachukua hiyo 50.255 MHz na kuigawa kwa hesabu tupu. Ukiing'oa kristali umeua kilicho sahihi ili kurekebisha kilicho namba tu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa osileta yoyote ya mtumba ni hili: masafa ya kutoka yanatokana na nini? Kama ni kristali ndani ya oveni, ile OCXO, basi imezaliwa na masafa yake na itakufa nayo. Waya wa kurekebishia unaisogeza hezi chache tu juu au chini. Kama ni DDS, basi kuna namba imehifadhiwa mahali, na namba hubadilishwa.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kuwasha, fuatilia waya kwa multimita, usiamini mchoro wa pini uliotumwa na muuzaji. Familia hii ina matoleo mengi na kiunganishi kilekile kinaweza kuwa na mpangilio tofauti. Tafuta athi, tafuta panapoingia volti 15, na uone kama toleo lako linataka pia volti 5. Pawa saplai iwe na uwezo wa kutosha, maana wakati wa kupasha moto inavuta karibu ampea 2, ikishatulia inashuka chini ya ampea 1. Ifunge kwenye bamba nene la aluminiamu. Bila hapo pa kutolea joto itajipika yenyewe, na taa ya rubidi haipendi hivyo.

Ikishawaka ipe dakika kadhaa ikamate masafa ya rubidi. Kisha unganisha kompyuta kupitia poti ya RS-232, bodi 9600, biti 8, bila pariti, stopu 1. Pima kwanza volti kwenye laini inayotoka kwenye osileta: kama iko hasi wakati imetulia, hiyo ni RS-232 halisi, kama iko 0 au 5, weka chipu ya kubadilisha viwango katikati. Andika S kisha ingiza. Itakujibu kwa mstari wenye R na F. R ni masafa ya saa inayolisha DDS, ile 50.255 MHz, kwa hezi na desimali zake. F ni namba ya DDS kwa msingi wa 16. Utaona tarakimu 16, lakini chipu ina biti 32, kwa hiyo nane za mwanzo ndizo zenye kazi.

Nakili mstari huo kwenye karatasi kabla ya kufanya kingine chochote. Ndio njia yako ya kurudi.

Hesabu ni nyepesi: F ni masafa unayotaka, mara 2 kwa kipeo cha 32, gawanya kwa R. Tuseme kwa mfano R yako ni 50,255,055 kamili. Kwa 10 MHz unapata 854,633,886.28. DDS haikubali desimali, kwa hiyo unachukua 854,633,886, ambayo kwa msingi wa 16 ni 32F0AD9E. Unaandika F=32F0AD9E00000000 kisha ingiza, na masafa yanahama hapohapo, wala hakuna cha kuzima na kuwasha.

Hapa ndipo watu wanapoharakisha. Wanaikuta namba ya F mtandaoni, wanaibandika, halafu wanalalamika kwamba rubidi yao ni mbovu. R inatofautiana kati ya kifaa na kifaa, na sababu yake iko kwenye kichupa. Rubidi 87 ikiwa peke yake iko kwenye 6,834,682,610.9 Hz. Lakini ndani ya kichupa wanatia na gesi nyingine ili atomu zisigonge kuta haraka, na gesi hiyo inayasogeza masafa kwa kilohezi kadhaa. Chukua R ya mfano wetu, zidisha mara 136: unapata 6,834,687,480 Hz, karibu kilohezi 4.9 juu ya rubidi tupu. Presha ya gesi haiwezi kulingana sawasawa kwenye vichupa viwili, kwa hiyo kiwandani walipima kila kimoja na kuandika R yake ndani ya kumbukumbu. Namba ya F ya jirani yako ni ya kichupa cha jirani yako.

Sasa turudi kwenye ile desimali tuliyoitupa. Hatua moja ya DDS ni R gawanya kwa 2 kipeo cha 32, yaani 0.0117 Hz. Ukiwa kwenye 10 MHz hiyo ni sehemu 1.17 kati ya bilioni. Kwa redio ya kawaida hiyo ni anasa. Kwa rubidi ni kubwa, kwa sababu kifaa chenyewe kinatulia vizuri kuliko hapo mara nyingi. Kwenye mfano wetu tumepoteza 0.28 ya hatua, ambayo ni 0.0033 Hz, au sehemu 3.3 kati ya bilioni 10. Ukibahatika na R yako utaangukia karibu na namba kamili. Usipobahatika, utakosea hadi nusu ya hatua.

Kilichobaki kinamalizwa na skrubu ya kurekebishia, ile inayobadilisha uga wa sumaku kuzunguka kichupa. Inasogeza masafa kwa sehemu chache kati ya bilioni, kwa hiyo nusu ya hatua inaifikia bila shida. DDS inakufikisha mlangoni, skrubu inakuingiza ndani. Usijaribu kinyume chake, na usiivute hadi mwisho wa uwezo wake, maana uga ukiwa mkubwa kifaa kinazidi kuhisi mabadiliko ya mkondo unaoutengeneza. Skrubu ibaki maeneo ya katikati. Ikikataa, sogeza F kwa hatua moja uanze upya.

Kupima ndiko kunakotaka subira. Kaunta yako haiwezi kukusaidia hapa kama inatumia saa yake yenyewe, kwa sababu utakuwa unapima saa nzuri kwa saa mbovu. Tafuta chanzo cha 10 MHz kinachofuata GPS. Kiweke kwenye chaneli ya kwanza ya osiloskopu, trigi ichukue hapo, na rubidi iwe chaneli ya pili. Wimbi la pili litaonekana linateleza taratibu upande mmoja. Muda linaotumia kuteleza mzunguko mmoja mzima ndio kosa lako: kwa 0.0033 Hz ni sekunde 300 hivi. Unagusa skrubu kidogo, unaondoka, unarudi kutazama. Kadiri unavyokaribia ndivyo mtelezo unavyokuwa wa polepole, hadi ufike mahali ambapo kinachocheza ni GPS yenyewe kwa sababu ya anga, na hapo inabidi upime kwa saa nyingi ndipo useme lolote. Mimi huacha kifaa kiwake siku nzima kabla ya kugusa skrubu, na kifuniko kimefungwa. Hicho kifuniko ni kinga ya sumaku. Ukirekebisha kikiwa wazi, ukifunga masafa yanahama.

Ukiridhika na F, ndipo uandike E kuihifadhi kwenye kumbukumbu ya kudumu. Si mapema. Bila E, ukizima na kuwasha inarudi ya zamani, na hiyo ni bima nzuri wakati unajaribu.

Kuna vitu viwili vinavyoning'inia kwenye ile 8.388608 ambavyo lazima uvijue. Namba hiyo haikuokotwa: ni 2 kwa kipeo cha 23. Ukiigawa kwa mbili mara 23 unapata pulsi moja kila sekunde bila saketi ya maana yoyote, na matoleo mengi ya namna hii yana kigawanyo hicho ndani. Ukiweka 10 MHz, pulsi ya sekunde inakuwa pulsi 1.192 kwa sekunde. Kama unaihitaji, gawanya 10 MHz kwa milioni 10 nje, kidhibiti kidogo chochote kinaweza. Cha pili, baadhi ya matoleo yanatoa nje hiyo pulsi peke yake, na wimbi la DDS inabidi ulifuate ndani ya bodi kwa osiloskopu, baada ya filta na kabla ya sehemu inayoligeuza kuwa la mraba. Hapo ndipo utakapohitaji kulehemu kebo moja nyembamba ya koaksi. Usilichukue kabla ya filta: mbali na 10 MHz utapata na kivuli chake kwenye 40.255 MHz, na takataka nyingine.

Na kama ulichonacho mkononi kikija kuwa FE-5680A, tazama vizuri. Nyingine zinaitikia S kama nilivyoeleza, nyingine zina amri tofauti zinazosogeza kidogo tu kuzunguka 10 MHz na haziendi kokote zaidi. LPRO-101, osileta nyingine ya rubidi, yenyewe ni 10 MHz basi.

Umeuliza pia, mwishoni kabisa, kuhusu OCXO mbili ulizopata pamoja nayo, za 13 MHz na 16.384 MHz. Hizo usizilazimishe. Ziache na masafa yao, kisha funga osileta ya kawaida ya 10 MHz kwazo kwa saketi ya PLL, ile inayolinganisha fezi za mawimbi mawili na kuivuta osileta moja ifuate nyingine. Angalia kigawanyo kikubwa cha pamoja. 13 na 10 vinakutana kwenye 1 MHz, kazi rahisi kabisa. 16.384 na 10 vinakutana kwenye 16 kHz: gawanya ya kwanza kwa 1024, ya pili kwa 625, linganisha fezi hapo. Bado inafanyika vizuri. Ila kwa 8.388608 njia hii haivutii, kwa sababu 10,000,000 ina mbili saba tu ndani yake, kwa hiyo vinakutana kwenye 128 Hz. Kulinganisha fezi kwenye 128 Hz kunataka kitanzi cha polepole sana na osileta ya 10 MHz iliyo tulivu yenyewe.

Ingawa kama unakusudia kuzidisha 10 MHz yako hadi gigahezi za juu, ningeiweka hiyo osileta tulivu hata hivyo, ikifuata rubidi taratibu. DDS ina vijikelele vyake, na kila ukizidisha masafa navyo vinapanda. Kwa kaunta na jenereta hutaviona.