Kwenda Kolwezi peke yako na Subaru ya turbo

Ndugu, umeuliza kama Impreza WRX yako, iliyoshushwa springi na kuongezwa presha ya turbo, itakutoa Lubumbashi hadi Kolwezi, huku Kongo, ukiwa peke yako. Itafika, ila usiondoke nayo jinsi ilivyo.

Kwanza esansi (petroli). Programu ya injini iliyopangwa kwa oktani 98 (kipimo cha esansi kustahimili kugonga) ikikutana na esansi hafifu, injini inagonga, na pistoni zinapasuka penye mifereji ya ringi. Mwambie fundi ashushe presha hadi baa 0.7 na acheleweshe cheche kidogo. Jaza tangi mjini. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, ndio kugonga huko: ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo.

Filta ya hewa ya wazi itoe, rudisha boksi la kiwandani: vumbi jekundu hula mapanga ya turbo.

Jaribu gurudumu la akiba ukiwa nyumbani, tena mbele. Breki kubwa mara nyingi hukataa rimu ndogo. Beba oili lita 2, vibana vya mipira ya hewa ya turbo na bisibisi. Mpira huo wa hewa ukichomoka, gari linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Likasi, baada ya kilomita 120 hivi, simama, acha injini izunguke taratibu dakika moja, zima, ngoja kumi, pima oili.

Kama usukani uko kulia, na Kongo magari hupita upande wa kulia, hapo ndipo ninapokuhofia zaidi. Huna wa kukuangalizia mbele. Ukilisogelea lori la shaba, huoni kitu mpaka gari zima liwe njia ya wanaokuja. Kaa nyuma mita 50, na usiku usipite kabisa.