Huyo ni kinda wa shore, mrudishe mtini

Ndugu yangu, huyo uliyemwokota chini ya mwarobaini hapo Kisauni, Mombasa, si mgonjwa, wala si ndege wa ajabu. Ni kinda wa shore, yule ndege wa uani mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Umeandika kwamba ana rangi ya udongo, mkia kama uliokatwa kwa mkasi, na mdomo "kama ametoka kula embe". Hilo embe ndilo lililonipa jibu.

Rangi ya mwili achana nayo kwanza. Makinda wengi wa uani huvaa kahawia tu, hata uwaweke kando ya baba zao usiwaunganishe. Mimi huanza na pembe za mdomo. Kinda huwa na ngozi laini ya manjano hapo, na akiachama mzazi anaona pa kutia chakula. Halafu mkia mfupi, na vinyoya vya utotoni vilivyosimama kichwani kama mvi za babu. Ukishaona hayo, ndipo uulize ni mtoto wa nani.

Hapo tazama umbo la mdomo. Shomoro, mnene wa kuvunjia nafaka. Dume mchanga bado hana weusi wa kooni, ni mamake mtupu. Chozi, yule ndege mdogo wa mauani, mwembamba unaoanza kupinda, ila bado mfupi. Tongosimba mchanga hana kichwa cheusi, na watu humpa majina ya kila aina. Wako ana mdomo wa wastani, kichwa hakijakolea weusi, na kwenye picha ya pili chini ya mkia panapiga manjano hafifu. Shore huyo.

Hua ndiye aliyenitia aibu. Kinda wake hana manjano ya pembeni. Ana vinyweleo vya manjano mwilini na mdomo mpana, laini. Wala haachami kungoja kulishwa. Yeye hutia mdomo wake ndani ya kinywa cha mzazi, akala uji mweupe unaotoka kooni mwa mzazi huyo. Mimi sikuyajua hayo. Tulipokuwa tukikaa Tudor nilimkamata mmoja nikamtilia uji kwa kijiko, kwa nguvu, mpaka ukamwingia njia ya pumzi. Hakufika asubuhi.

Na usimwamini sana anayelisha. Mwaka mmoja nilimwona mnana, yule ndege mfuma viota, akihangaika kumlisha "mwanawe" aliyemshinda kimo, mdomo mwekundu kama tumbawe. Mke wangu akacheka, "Huyo amebambikiwa!" Kweli, kinda alikuwa wa kekeo. Kekeo hutaga ndani ya viota vya kina mnana, akaenda zake, wenzake wakabaki na ulezi.

Sasa wako. Shore hutoka kiotani kabla ya kujua kuruka sawasawa, na wazazi wake wako karibu, wanakungoja wewe uondoke. Kwamba mama akinusa mkono wa mtu humsusa mwanawe si kweli, kwa hiyo usiogope kumshika. Mweke kwenye tawi lenye majani mengi, juu kidogo, asionekane na kunguru. Hapa kwetu hao ndio balaa kuliko paka. Maji usimtilie kinywani. Paka wako mfungie ndani, kisha kaa mbali barazani. Mzazi akija na mdudu mdomoni, tuandikie.