Maswali Yenu: Kelele za Barabara na Reli

SWALI: Chumba chetu cha kulala kiko mita 12 kutoka barabara kuu. Wapo wanaotushauri tupande miti, wengine tujenge ukuta. Tuanze na kipi?

JIBU: Ukuta. Safu ya miti huyaficha magari, na mtu asipoyaona hujihisi nafuu, ila kipimo cha sauti hakishuki. Majani yanataka kichaka kilichosongamana, kina chake makumi ya mita, ndipo yapunguze desibeli chache.

Ukuta unaoziba tu usione magari kutoka dirishani hupunguza takriban desibeli 5, na kila mita inayoongezeka juu ya hapo huleta kama 1.5 nyingine. Kumbuka kwamba matairi hunguruma chini, lakini bomba la moshi la lori huweza kuwa mita 3 juu. Dirisha la ghorofani linalochungulia juu ya ukuta halipati faida yoyote.

Uzito wala usikusumbue: kilo 10 kwa mita ya mraba zinatosha kwa kawaida, na tofali linazidi hapo mara nyingi. Kazi huharibikia kwenye ncha na geti. Sauti huzunguka pembeni, kwa hiyo kila upande ukuta unapaswa kurefuka mara 4 ya umbali wake kutoka nyumba. Ukiwa mita 5 mbele ya dirisha, urefushe mita 20 kulia na 20 kushoto. Kiwanja kikiwa kidogo, kunja ncha zielekee nyuma ya nyumba. Geti liwe la bamba zima lililoshuka hadi karibu na ardhi, maana la nondo ni sawa na kuacha ukuta wazi. Na ujenge karibu na barabara au karibu na nyumba. Katikati ndipo ukuta hufanya kazi hafifu kuliko kote.

SWALI: Tumeweka kioo kinene zaidi, lakini malori tunayasikia vilevile. Fundi ametudanganya?

JIBU: Pengine hajawadanganya, ameishia kwenye kioo tu. Chukua dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 lenye upenyo wa milimita 3 kuzunguka fremu yote. Upenyo huo ni sentimita za mraba 144, yaani asilimia 1 ya dirisha. Basi hata kioo kingekuwa cha unene wa ukuta, dirisha zima lisingezuia zaidi ya desibeli 20 hivi.

Anzeni kwa mpira wa kuziba kwenye sehemu zinazofunguka, kisha silikoni kati ya fremu na ukuta, ndani na nje. Povu la kupuliza peke yake ni jepesi mno. Mkishaziba na bado hamridhiki, ongezeni dirisha la pili upande wa ndani, nafasi kati ya vioo viwili isipungue sentimita 10, na unene wao utofautiane, kwa mfano milimita 4 na 6, ili visitetemeke kwa sauti ileile. Madirisha ya vipande vya kioo vinavyopindishwa hayazibiki, yabadilisheni. Hewa itafutiwe njia upande wa nyumba usioelekea barabara, la sivyo joto litawafanya mfungue dirisha usiku wa kwanza tu.

SWALI: Wamejenga matuta mbele ya nyumba yetu ili magari yapunguze mwendo. Kelele zimezidi. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana sana. Mwendo mdogo na wa namna moja hupunguza mngurumo wa matairi, ambao kwa gari dogo huanza kuushinda ule wa injini kwenye kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Tuta fupi lenye mgongo mkali huleta breki, kishindo, kisha injini kukandamizwa upya. Lori tupu ndilo baya zaidi kwa kuwa bodi na minyororo hurukaruka. Ombeni tuta refu lenye mteremko wa taratibu, lisogezwe mbali na vyumba vya kulala. Kagueni pia mifuniko ya mashimo barabarani: uliolegea hugonga kila tairi linapopita.

SWALI: Treni hupiga mlio mkali kwenye kona, na mabehewa mengine yanagonga “tu-tu-tu”. Ni kitu kimoja?

JIBU: Ni vitu viwili. Mlio wa kona hutokea gurudumu linapoburuzwa kando juu ya reli, likishika na kuteleza kwa zamu. Dawa ni kupaka kilainishi maalumu kwenye reli kabla ya kona. Kugonga kunakolingana na mzunguko wa gurudumu ni kwa gurudumu lililotokea bapa kwa kuteleza breki ilipofungwa. Lenye kipenyo cha milimita 920 hugonga kila mita 2.9. Linachongwa upya karakanani. Kugonga kukisikika kwa kila treni mahali palepale, lawama ni ya maungio ya reli, nayo huondolewa kwa kuchomelea.

Mngurumo wa jumla hutokana na ukwaru wa magurudumu na reli. Breki za chuma cha kusubu huparuza uso wa gurudumu. Mabehewa ya mizigo yakiwekewa za mchanganyiko maalumu, kelele zaweza kushuka desibeli 8 hadi 10, mradi reli yenyewe inasagwa ikabaki laini.

SWALI: Kipimo cha simu kinaaminika?

JIBU: Kwa kulinganisha kabla na baada, ndiyo, simu ileile mahali palepale. Kwa kesi, hapana. Magari yakipungua nusu, tarajia kipimo kishuke desibeli 3 tu. Kwa usiku, mwongozo wa WHO wa mwaka 2018 kwa Ulaya unapendekeza wastani usiozidi desibeli 45 za barabara na 44 za reli, zikipimwa nje ya nyumba.